Hasira za Mkizi: Nani Anaruhusiwa Kukasirika Marekani?

Sisi Waswahili mtu akipandisha sauti kidogo tu tayari tuna dawa yake mkononi, maneno mawili, hasira hasara, mjadala umeishia hapo. Mimi nimekua nayo hiyo, mama alikuwa ananipa hata machozi hayajakauka. Sasa nina miaka kadhaa Marekani, nafanya kazi ya ukalimani, Kiswahili na Kingereza, wateja wangu wengi ni ndugu zetu waliotoka Kongo kama wakimbizi, leo niko hospitali, kesho shule, keshokutwa ofisi ya wapangaji, na nikuambie ukweli, hii nchi nayo ina hasira hasara yake. Ila ya kwao inachagua watu.

Mwaka juzi niliitwa shule moja kutafsiri kikao cha mzazi na afisa wa usafiri. Mzazi mama wa Kivu, alikaa kambini Uganda miaka mingi kabla ya kuletwa huku. Shida yake basi la shule. Kituo kilikuwa mlangoni kwao kwenye yale maghorofa, kikahamishwa, kikawekwa ng'ambo ya barabara ya njia nne, na mtoto wake wa miaka saba anatakiwa avuke saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kipindi cha baridi, giza totoro. Mama alianza kwa upole. Akaeleza mara ya kwanza, mara ya pili, na yule afisa anarudia wimbo uleule, ratiba inapangwa na kompyuta, ratiba inapangwa na kompyuta. Mara ya tatu mama akapiga meza kwa kiganja: "Dada, umwambie roho inaniuma. Niko na uchungu. Huyu mtoto nilimubeba mgongoni nikikimbia vita, leo nimuzike juu ya basi?"

Sasa mkalimani ana sheria zake. Unaongea kama wewe ndo yeye, mimi ni mimi, huongezi hupunguzi, huweki chumvi. Lakini uchungu unautafsirije? Uchungu ni wa dawa ya mwarobaini, uchungu ni wa msiba, uchungu ni wa mama kule leba, na yule mama alimaanisha karibu yote kwa pamoja. Nina sekunde mbili za kufikiria. Nikachukua neno jepesi la Kingereza, lile ambalo mtu analitumia hata akikuta kahawa yake imepoa. Afisa akaandika kitu kwenye karatasi yake, nami nina kipaji cha kusoma maandishi yaliyogeuzwa juu chini: mzazi ana hasira. Dakika haikupita mlinzi akaja akasimama mlangoni. Hakusema kitu, alisimama tu.

Kikao kikaisha hapo. Kiukweli kiliisha pale alipoandika lile neno.

Toka siku ile nimekuwa nalifuatilia hili jambo kwenye siasa zao, nani akikasirika anaonekana mwananchi mwenye uchungu na nchi yake, na nani akikasirika anaitiwa mlinzi. Mfano ambao hautoki kichwani mwangu ni wa Minneapolis, kesi ya Derek Chauvin, yule polisi aliyemwekea goti shingoni George Floyd, mtu mweusi, tarehe 25 Mei 2020, dakika 9 na sekunde 29. Machi 2021 akapanda kizimbani shahidi anaitwa Donald Williams. Huyu alikuwa mpita njia tu, mtu wa mieleka, anajua shingo ikibanwa inakuwaje, alisimama pale ukingoni mwa barabara akawapigia kelele mapolisi kwamba mnamuua, halafu akapiga simu ya dharura, yaani aliwaitia polisi hao hao polisi. Wakili wa utetezi akaanza kumsomea matusi yake moja moja. Ulimwita hivi, si ndio? Ukamwita na hivi, si ndio? Kwa hiyo hasira zilizidi kukupanda? Na Williams akamjibu kwamba hapana, hatakubali achorwe kama mtu mwenye hasira, yeye alizidi kuwa mtulivu wa kikazi.

Hebu likalishe hilo kichwani. Mtu kaona mwenzake anakata roho hadharani mbele ya duka, na mbele ya mahakama inabidi ajitetee kwamba hakukasirika. Kwa sababu anajua, na wakili anajua, na juri inajua, mtu mweusi mkubwa wa mwili likishamkaa neno hasira, kesi inahama, inatoka kwenye goti la polisi inakuja kwenye mdomo wa shahidi. Hoja ya utetezi ilikuwa hiyohiyo, kwamba kelele za watu ziliwavuruga maafisa.

Na usidhani cheo kinasaidia. Julai 2009 Obama ana miezi sita Ikulu, profesa wa Harvard, Henry Louis Gates, kakamatwa kwenye kibaraza cha nyumba yake mwenyewe baada ya mtu kupiga simu kudhani ni mwizi, waandishi wakamuuliza rais anaonaje, akasema polisi walifanya kijinga. Neno moja tu hilo. Nchi ikawaka wiki nzima, ikabidi rais wa Marekani amwalike profesa na yule polisi waje wanywe bia bustanini yaishe. Baada ya hapo jamaa akawa mpole kama maji ya mtungi, mpaka wachekeshaji wakatunga mhusika, mkalimani wa hasira za Obama, rais anaongea taratibu huku jamaa nyuma yake anapiga mayowe kutoa kile ambacho rais anakitaka kweli. Mwaka 2015 kwenye ile dhifa yao na waandishi wa habari Obama mwenyewe akampandisha jukwaani Keegan-Michael Key afanye hiyo kazi. Ukumbi ulivunjika mbavu. Mimi nilicheka pia halafu nikakaa kimya, maana ile ndo kazi yangu, tofauti yangu na Key ni kwamba yeye alilipwa kuipandisha hasira na mimi nalipwa kuishusha.

Weka pembeni yake Septemba 27, 2018, Seneti inamhoji Brett Kavanaugh anayetaka ujaji wa Mahakama Kuu. Asubuhi Christine Blasey Ford katoa tuhuma zake, kwamba Kavanaugh alimshambulia kingono walipokuwa vijana, kwa sauti ya kutetemeka, amekiri anaogopa, anajibu kwa adabu kila anachoulizwa. Mchana kaingia Kavanaugh, uso mwekundu, anafoka, analia, anawarushia maseneta maswali. Kura zikapigwa 50 kwa 48, akapita. Simwongelei hapa nani alisema kweli, watu wana misimamo yao. Naongelea sauti tu. Jaribu kuwabadilishia, mama afoke vile na mwanaume atetemeke, uone kama hesabu ingekuwa ileile.

Sasa hapa ndo nafika kwenye ninachotaka kusema, na najua wengine hamtakipenda. Watu wengi wakishaona huu upendeleo wanahitimisha kwamba basi mnyonge afiche hasira, avae tabasamu, atumie hoja. Na wanamtaja Martin Luther King, mtu wa amani, hakukasirika. Huo ni uongo mtamu. Mwaka 1966 kampuni ya Gallup iliwauliza Wamarekani, asilimia 63 wakasema hawamkubali King. Alipokuwa hai walimwona mchochezi, umalaika kapewa akiwa kaburini.

Turudi Montgomery, Alabama, maana kila mtu anaijua ile hadithi ya Rosa Parks kachoka, kakaa kwenye basi, kagoma kuinuka kumpisha mzungu, tarehe 1 Desemba 1955. Mimi nataka niwaoneshe mtu mwingine, Jo Ann Robinson. Huyu alikuwa mwalimu wa Kingereza kwenye chuo cha watu weusi pale mjini. Desemba 1949 anaenda likizo ya Krismasi, kapanda basi karibu tupu, kakaa viti vya mbele, vya wazungu, bila kuwaza, mawazo yote yako safarini. Dereva akaja mkono juu, anamfokea ainuke. Robinson akakimbia nje ya basi akilia. Msomi, kavaa vizuri, analia barabarani. Aliporudi akawasimulia wenzake kwenye chama chao cha wanawake, na kumbe kila mmoja ana ya kwake, hakuna asiye na hadithi ya basi.

Ile aibu hakuimeza, na hakuimwaga siku hiyohiyo pia. Akaikalia miaka mitano, sita. Akawa mwenyekiti wa kile chama, wakaenda kwa meya, wakarudi, Mei 1954 akamwandikia meya barua kabisa kwamba watu wanaongea habari ya kugomea mabasi. Meya akapuuza. Ilipofika usiku wa siku aliyokamatwa Parks, Robinson akaingia chuoni kimyakimya usiku wa manane na mwenzake mmoja na wanafunzi wawili, wakawasha mashine ya kudurufu, wakachapa vipeperushi vya kuita mgomo makumi ya maelfu mpaka alfajiri, wakakata, wakafunga mafungu, asubuhi vikasambaa mji mzima kabla wachungaji hawajajua kinachoendelea. Ile ndo hasira ninayoiongelea, ina stensili na ina ratiba ya nani anapeleka fungu gani shule gani.

Na siku nne kabla ya kukamatwa, Parks alikuwa ameketi kanisani kwa King anasikiliza mgeni kutoka Mississippi akieleza habari za Emmett Till, mtoto wa miaka 14 aliyeuawa Agosti mwaka huohuo na mwili kutupwa mtoni. Mama yake, Mamie Till, alipelekewa jeneza Chicago limefungwa na amri lisifunguliwe, akagoma, likafunguliwa, akataka dunia imwone mwanae alivyofanywa, watu maelfu kwa maelfu wakapita mbele yake na picha ikachapwa kwenye jarida. Wauaji waliachiwa na juri ya wanaume weupe watupu ndani ya saa moja na ushei. Kwa hiyo usiniambie mgomo wa mabasi ulianza na miguu iliyochoka. Ulianza na msiba wa mtu.

Siku 381 watu hawakupanda basi. Watu weusi kama 40,000 waliokuwa wanayategemea kila siku. Na hapa ndo mambo yanakuwa matamu, maana hasira haiwezi kukubeba kilomita nane kwenda kazini Desemba, Januari, Februari. Mwanzoni teksi za weusi zikawa zinabeba watu kwa senti 10, nauli ya basi, mji ukasema sheria ni senti 45 kwenda juu, basi wakaanzisha lifti zao, magari kama 300, vituo, madereva, ratiba. Makanisa yakanunua magari makubwa. Kampuni za bima pale mjini zikakata bima, wakaenda kuchukua bima Lloyd's ya London. Yaani mpishi wa Alabama anaenda kazini kwa bima ya Uingereza!

Na mafuta? Hapo ndo anaingia kipenzi changu Georgia Gilmore. Mpishi wa mgahawa, mwili mkubwa, mdomo haukuwa na breki, dereva mmoja alishawahi kumla nauli kwa kumwambia ashuke apandie mlango wa nyuma halafu akaondosha basi. Akaapa hapandi tena, hata kabla ya mgomo. Mwaka 1956 King alishtakiwa kwa kuongoza mgomo, Gilmore akatoa ushahidi mahakamani, akafukuzwa kazi. Akapikia nyumbani. Kuku wa kukaanga, samaki, pai za viazi vitamu, yeye na wanawake wenzake wanauza saluni, kwa vinyozi, mitaani, mpaka wazungu wakawa wananunua bila kujua au wakijifanya hawajui. Kikundi chao wakakiita Klabu ya Kutoka Kusikojulikana, ili mtu akiulizwa hela imetoka wapi ajibu bila kusema uongo: kusikojulikana. Kwenye mkutano wa kanisani, na mikutano ilikuwa kila wiki, Gilmore anatembea mpaka mbele, anamwaga hela za wiki, watu wanasimama wanashangilia.

Niambie hiyo ni hasira au ni furaha? Sijui. Najua tu kwamba yule mama alikuwa bado na hasira na yule dereva, na hasira ikawa inanukia mdalasini.

Kuna usiku wa Januari 30, 1956. King ana miaka 27, yuko kanisani mkutanoni, nyumbani yuko Coretta na mtoto mchanga wa wiki kumi. Bomu likatupwa barazani. Hawakuumia. King anafika anakuta umati mbele ya nyumba, mamia, wengine na bunduki, wengine na visu na chupa, na meya na mkuu wa polisi wamesimama hapo kwa wasiwasi. Akasimama kwenye kibaraza kilichobomoka akawaambia mke na mtoto wako salama, rudisheni silaha nyumbani. Watu wakatawanyika. Hii sehemu inasimuliwa sana. Isiyosimuliwa ni kwamba baada ya hapo King huyohuyo alikwenda kuomba kibali cha kubeba bastola, wakamnyima. Kwa hiyo alikuwa na hofu, alikuwa na hasira, alikuwa baba wa mtoto mchanga kama baba yeyote. Ule utulivu haukushuka kutoka mbinguni, aliutengeneza, na umati uliukubali kwa sababu kesho yake asubuhi kulikuwa na lifti ya kuendesha. Walikuwa na kitu cha kurudi kufanya.

Nashville, Tennessee, wanafunzi weusi waliotaka kuhudumiwa kwenye kaunta za migahawa za wazungu tu walienda mbali zaidi, wakafunguliwa kabisa darasa la hisia. James Lawson, kijana wa theolojia aliyekuwa ametoka India kusoma mbinu za Gandhi, akawa anawaweka wanafunzi kwenye chumba cha chini cha kanisa, viti vimepangwa kama kaunta ya mgahawa, nusu wanakaa, nusu wanawatukana matusi ya nguoni, wanawamwagia vitu, wanawasukuma wadondoke. Halafu wanabadilishana. Ukipandwa na jazba unaambiwa wewe bado, utabaki kupiga simu ofisini. Hawakuambiwa wasikasirike, waliambiwa wajue hasira inaanzia wapi mwilini. Aprili 19, 1960 nyumba ya wakili wao, Alexander Looby, ikalipuliwa alfajiri, na saa chache baadaye watu maelfu wakatembea kwenda ofisi ya meya bila wimbo, bila kelele, sauti ya viatu tu. Diane Nash, binti wa miaka 21, akamuuliza meya Ben West pale kwenye ngazi: wewe kama mtu, unaona ni sawa kumbagua mtu kwa rangi yake? Meya akakiri si sawa. Mei 10 kaunta zikafunguliwa kwa weusi.

Nisije nikaonekana naimba sifa tupu. Hao hao wa Montgomery walikuwa na hasira hasara yao. Miezi tisa kabla ya Parks, binti wa miaka 15, Claudette Colvin, aligoma kuinuka kwenye basi akapiga kelele kwamba ni haki yake ya kikatiba, akaburutwa. Viongozi wakamtazama wakaona hapana, huyu ana jazba, mdogo, baadaye akapata na ujauzito, hafai kuwa sura ya harakati. Wakasubiri mwanamke mtulivu mwenye miwani. Cha ajabu kesi iliyovunja ubaguzi kwenye mabasi, Browder dhidi ya Gayle, kesi ambayo Mahakama Kuu iliipitisha Novemba 1956, Parks hayumo. Colvin yumo.

Sasa njoo huku kwetu kwenye simu. Wazee wa pwani wana ile nyingine, hasira za mkizi furaha ya mvuvi. Mkizi akichokozwa anaruka mwenyewe, anadondokea ndani ya chombo, mvuvi hahitaji hata nyavu. Siasa za Marekani za sasa hivi ni hiyo methali tu. Baada ya uchaguzi wa 2020 kamati ya Bunge iliyochunguza mambo ya Januari 6, 2021, siku wafuasi wa Trump walipovamia Bunge, ilieleza kwamba kambi ya Trump ilikusanya kama dola milioni 250 kwa kuwatumia watu barua pepe kwamba kura zimeibwa, changieni mfuko wa kutetea uchaguzi, na huo mfuko wenyewe haukuwepo. Kesi zaidi ya 60 walipeleka mahakamani, karibu zote chali. Lakini hasira za wale watu hazikuwa maigizo. Wengine waliuza vitu wakasafiri, wakavunja madirisha ya Bunge wakiamini wanaiokoa demokrasia. Runinga ya Fox ikaja kulipa kampuni ya mashine za kura, Dominion, dola milioni 787.5 mwaka 2023, baada ya meseji za ndani kuonesha watangazaji wenyewe hawakuamini walichokuwa wanakitangaza. Mkizi kaenda jela, mvuvi kabaki na chombo. Ndiyo, Januari 2025 watu kama 1,500 wakapewa msamaha wa rais, lakini hela zao hazikurudi.

Na usicheke ukasema hao ni wale. Upande wa pili mwaka huohuo wa 2020 hasira dhidi ya Mitch McConnell, aliyekuwa kiongozi wa Warepublican Seneti, zilimpelekea mpinzani wake wa Kentucky, Amy McGrath, zaidi ya dola milioni 90, nyingi kutoka kwa watu wasioishi Kentucky wala hawajawahi kuikanyaga. Kashindwa kwa karibu pointi 20. Mtu kaona meseji saa nne usiku, damu imemchemka, kabonyeza dola 25, kapata usingizi mzuri. Hiyo hela angeifanyia nini mtaani kwake? Pai ngapi hizo?

Mwaka 2020 huohuo, baada ya Floyd, tafiti za maoni zilikadiria walioingia barabarani ni kati ya milioni 15 na 26. Kwa kelele sijui kama Marekani imewahi kuona kitu kama kile. Sheria ya mageuzi ya polisi yenye jina la Floyd ikapita Baraza la Wawakilishi mara mbili, Seneti ikafia. Majimbo kadhaa yalibadilisha mambo, siwezi kusema hakuna kitu, ila kwa ukubwa wa ule moto ilikuwa uji kidogo. Na ukiangalia nani alifanya Chauvin afungwe, unakuta binti wa miaka 17, Darnella Frazier, aliyeshika simu yake akirekodi video bila kutetereka wakati taarifa ya kwanza ya polisi ilisema tu kwamba mtu amefariki baada ya tatizo la kiafya. Alisema mahakamani kuna usiku halali, anamwomba Floyd msamaha kwa kutofanya zaidi. Binti anajilaumu, na ndiye aliyefanya kuliko Seneti nzima.

Ningependa niseme kanuni ya Montgomery inafanya kazi kila mahali. Siwezi. Aprili 4, 2022 huko Grand Rapids, Michigan, polisi alimsimamisha Patrick Lyoya, kijana wa miaka 26, familia yake walitoka Kongo wakafika Marekani 2014. Kisa namba za gari hazilingani na gari. Wakavutana, Lyoya kalaziwa kifudifudi, akapigwa risasi kisogoni. Wazazi wake wakaongea na waandishi kwa Kiswahili, mkalimani pembeni. Mama alisema alidhani wamefika mahali salama. Mimi niliisikiliza ile video mara mbili, mara ya kwanza wazazi, mara ya pili mkalimani tu, na sitamlaumu mwenzangu hata chembe, najua sekunde mbili zile. Jamii ilifanya kila kitu kwa utaratibu, maandamano, vikao vya halmashauri ya mji, wanasheria, miaka mitatu ya kungoja. Mei 2025 juri kwenye kesi ya yule polisi ikashindwa kuafikiana, na wiki mbili baadaye mwendesha mashtaka akatangaza hatarudia kesi. Hapo methali zote zinaniishia.

Yule mama wa basi, basi. Baada ya kile kikao niliona aibu, nikadhani sitamwona tena. Miezi mitatu baadaye nikaitwa kwenye mkutano wa bodi ya shule, jina lake liko kwenye orodha ya wananchi wanaotaka kuongea. Kumbe pale kwenye maghorofa walikaa akina mama wanne, Wakongo watatu na Mrundi mmoja, wakapangana zamu, kila asubuhi wawili wamesimama pale barabarani na tochi na zile fulana za kung'aa za wajenzi, wanavusha watoto wote wa jengo, siyo wa kwao tu, na mmoja ana daftari, anaandika basi limefika saa ngapi, magari mangapi hayakusimama. Daftari limejaa, kurasa zimevimba kwa unyevu. Siku ya mkutano waliingia na ndoo ya maandazi, nusu ikaishia kwa wazungu wa safu ya nyuma waliokuja kwa mambo yao ya uwanja wa mpira. (Kituo kilirudishwa mlangoni, lakini ilichukua mpaka Machi, na hakuna aliyeomba radhi.)

Kila mwananchi anapewa dakika tatu, na mkalimani akiingia zinabaki moja na nusu, hiyo hakuna anayeihesabu. Mama akasoma tarehe kutoka kwenye daftari, nami natafsiri. Katikati akafunga daftari, sauti ikapanda kama siku ile, "niko na uchungu," na nikamwona mlinzi pale ukutani amegeuza shingo.

Safari hii sikulitafuta neno la kahawa. Nikasema mkalimani anaomba kufafanua, na nikaliacha neno lilivyo, uchungu, nikaeleza ndilo neno moja tunalolitumia mwanamke anapozaa na anapozika. Karani wa bodi, mama wa makamo, akainua mkono, akaniomba nimtajie herufi moja moja aandike kwenye kumbukumbu za kikao. Taa ya saa imeshakuwa ya njano, zimebaki sekunde arobaini.

"Anauliza nini?" mama akaninong'oneza.

"Anauliza uchungu unaandikwaje."

"Umwandikishe vizuri, dada. Usiharakishe."